Dar hadi Dodoma: Treni, Basi, Ndege au Gari Binafsi?

Kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma msafiri ana njia nne: treni ya umeme, basi, ndege na gari binafsi. Kwa barabara umbali ni kama kilomita 450, kwa reli ya kisasa ni 444, na angani haufiki 400. Hadi katikati ya mwaka 2024 mtu wa kipato cha kawaida hakuwa na cha kuchagua. Alipanda basi alfajiri, akafika mchana umekwisha. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 25 mwaka huo, hesabu za safari zilibadilika, ingawa si kwa kila mtu na si kwa kiasi kilekile. Nauli iliyoandikwa kwenye tiketi ni sehemu moja tu ya gharama. Zipo pia gharama za kufika kituoni, muda wa kusubiri, mzigo, bajaji ya mwisho wa safari, na zaidi ya yote mahali hasa mtu anakotoka na anakokwenda.

Wingi wa watu wanaosafiri kati ya miji hii una historia yake. TANU, chama tawala cha wakati huo, kiliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, lakini kwa zaidi ya miaka 40 ofisi nyingi za serikali ziliendelea kukaa Dar es Salaam. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa serikali yake itahamia Dodoma kweli, na wizara zikaanza kufungasha. Aprili 26, 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ya nchi. Watumishi walihama, ila familia nyingi zilibaki Dar, ambako watoto wanasoma, mwenza ana kazi na nyumba imeshajengwa. Ndiyo maana Ijumaa jioni watu hushuka Pwani kwa wingi na Jumapili jioni hurudi. Wakiongezwa wabunge na wageni wa Bunge la bajeti kati ya Aprili na Juni, wafanyabiashara wa Kariakoo na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, inaeleweka kwa nini tiketi za siku hizo huisha mapema katika kila aina ya usafiri.

Reli yenyewe si ngeni katika njia hii. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na kufikia 1914 ilikuwa imegusa Kigoma, baada ya kupita Morogoro, Dodoma na Tabora. Upana wake ni mita moja. Kipande chake kilichosumbua kuliko vyote ni kile cha kati ya Kilosa na Gulwe, ambako reli inafuata bonde la mto Mkondoa na mafuriko yameibomoa mara nyingi, yakikata safari kwa wiki au miezi. Treni za zamani za kwenda bara zinapita Dodoma, lakini kwa mwendo wake anayekwenda Dodoma tu hana sababu ya kuzipanda. Hao ni wasafiri wa Tabora, Kigoma na Mwanza.

Reli mpya, ambayo kila mtu anaiita SGR, ina upana wa milimita 1,435. Jiwe la msingi la kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro liliwekwa Aprili 2017, na la kipande cha Morogoro hadi Makutupora Machi 2018. Mkandarasi mkuu wa vipande vyote viwili ni kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki. Njia imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na treni zinavuta umeme kutoka kwenye nyaya za juu zenye msongo wa kilovolti 25. Safari za Morogoro zilianza Juni 14, 2024, za Dodoma zikafuata mwezi uliofuata, na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi Agosti 1.

Treni za SGR si za aina moja, na hapa ndipo wasafiri wengi wapya huchanganyikiwa. Ipo treni ya kawaida, yenye mabehewa yanayovutwa na kichwa cha umeme. Ikitoka Dar es Salaam inapitia Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, inafika Morogoro, kisha Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe na Igandu kabla ya Dodoma. Nauli yake ya daraja la kawaida kwenda Dodoma ilipangwa kuwa Sh31,000, na ya Morogoro Sh13,000. Ipo pia treni ya haraka, isiyojishughulisha na vituo vidogo, ambayo daraja la kawaida lilipangiwa Sh40,000. Kisha kuna mchongoko, jina ambalo mtaa uliipa treni ya EMU iliyotengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini kwa sababu ya pua yake iliyochongoka. Hii haina kichwa cha kuivuta, maana mota zake zimo kwenye mabehewa yenyewe, na ilianza kazi Novemba 2024. Kwa wanaotaka nafasi zaidi kuna daraja la biashara la Sh70,000 na daraja la kifalme la Sh120,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na wa chini ya miaka minne halipiwi nauli.

Treni ya haraka hutumia saa tatu na nusu hivi, ya kawaida hukaribia saa nne. Kwa anayeizoea barabara ya Morogoro, hizi ni namba za kushangaza kidogo. Katika muda ambao basi linakuwa bado linatafuta Morogoro, treni inakuwa imekwishaiacha nyuma na kuingia Kilosa. Kipande hicho ndicho kizuri kuliko vyote katika safari nzima. Mashamba ya tambarare ya Mkata yanakwisha, milima inasogea karibu, treni inaingia kwenye mahandaki na kutoka upande wa pili wa mlima, na chini yake reli ya Mjerumani inaonekana ikijipinda kufuata mto. Reli ya zamani ilizunguka kila kilima na kuinama mbele ya kila korongo. Mpya imepasua milima na kuruka mabonde kwa madaraja, na tofauti ya mwendo kati ya hizo mbili imetokana na hilo kwa sehemu kubwa. Ikitoka hapo hewa hubadilika, mibuyu huanza kuonekana, na ardhi inakuwa nyekundu na kavu, dalili kwamba Ugogo umefika.

Ndani ya behewa kuna kiyoyozi, choo, sehemu ya kuchaji simu na kioo kinachoonyesha mwendo wa treni. Kioo hicho ndicho kinachopigwa picha kuliko kitu kingine chochote, hasa namba ikigusa 160.

Kasoro zipo pia. Treni haimsubiri mtu, na milango hufungwa kabla ya muda wa kuondoka, kwa hiyo aliyezoea kukimbilia basi linaloanza kutembea ataiona treni ikiondoka mbele ya macho yake. Mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, foleni hujitengeneza, na Shirika la Reli Tanzania, TRC, huwataka abiria wafike mapema. Mwenye busara huhesabu walau saa nzima ya kuwa stesheni, na siku za sikukuu zaidi ya hapo. Tiketi hukatwa kwa mtandao au dirishani kwa kuonyesha kitambulisho, na jina la kwenye tiketi lazima lilingane nacho. Mtu hawezi kumwachia ndugu yake kiti dakika za mwisho kama anavyoweza kufanya kwenye basi.

Kisha kuna umeme wenyewe. Treni inayotegemea nyaya hukwama nyaya zikipata hitilafu, na abiria aliyekwama katikati ya pori la Kilosa hana bodaboda ya kukimbilia. Wiki ya kwanza tu ya safari za Dodoma treni ilisimama njiani kwa kama saa mbili, na TRC ikaeleza kuwa ngedere na bundi walihusika katika hitilafu hiyo. Watu walicheka, utani ukajaa mitandaoni, lakini jambo lenyewe ni la kweli kila mahali penye reli ya umeme inayopita porini. Ucheleweshaji wa namna hiyo hauiondolei treni ushindi wake wa muda. Unachomtaka msafiri ni kutopanga kikao cha saa tatu asubuhi Dodoma kwa kutegemea treni ya asubuhi hiyohiyo.

Basi limepungukiwa abiria lakini halijafa, na sababu zake ziko wazi kwenye ramani. Barabara na reli huagana Morogoro. Reli inaelekea magharibi kupitia Kilosa na kupanda bonde la Mkondoa. Barabara inaingia kulia pale Msamvu, ikiiacha ile ya Iringa, na kwenda Dumila, Gairo, Kibaigwa, Mbande na Chamwino. Gairo na Kibaigwa, miji miwili yenye biashara kubwa kati ya Morogoro na Dodoma, haina reli kabisa. Kibaigwa ni soko la mahindi linalovuta wanunuzi kutoka sehemu nyingi za nchi, na mfanyabiashara wa nafaka anayekwenda huko kwa SGR atalazimika kufika Dodoma kisha kurudi nyuma kwa barabara. Hali ni hiyohiyo kwa Chalinze, Mlandizi na Kibaha. Soga ipo mkoani Pwani, sawa, lakini haiko kandokando ya barabara kuu wanakoishi watu wengi.

Mabasi ya Dodoma huanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa Februari 2021 na kuchukua nafasi ya Ubungo. Kule mwisho hushushia kituo kikuu cha Nanenane. Nauli hupangwa kwa kilomita na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 vilikuwa Sh48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na Sh67.84 kwa basi la daraja la kati, lenye kiyoyozi na viti vipana. Kwa kilomita 450 hiyo ni kama Sh22,000 na Sh30,500. Hapa pana jambo la kutazamwa vizuri. Basi la kawaida ni nafuu kuliko treni ya kawaida kwa kama Sh9,000, lakini basi zuri linalingana nayo karibu shilingi kwa shilingi. Yaani mtu anayelipa Sh30,500 akae barabarani saa nane au tisa anaweza kuongeza mia tano tu akafika kwa saa nne. Kampuni kongwe za njia hii, kama Shabiby, ambazo majina yao yamejengwa kwa starehe na utunzaji wa muda, ndizo zilizoguswa na ushindani huu mahali panapouma, kwa sababu abiria wao ndiye hasa anayeweza kulipia treni.

Kwa nini basi litumie saa nane au tisa kwa kilomita 450? Sababu ya kwanza ni sheria. Mwendo wa juu wa basi ni kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ni 50. Mabasi yamefungwa vifaa vinavyotuma taarifa za mwendo kwa LATRA, na dereva hutambuliwa kwa kitufe chake mwenyewe kabla ya kuanza safari, kwa hiyo ule ukimbizaji wa miaka ya nyuma umepungua. Sababu ya pili ni foleni. Upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha hadi njia nane umesaidia sana, lakini baada ya hapo njia inabana, na kutoka Mlandizi hadi Morogoro basi linafuatana na malori yanayotoka bandarini. Sehemu kubwa ya malori ya Zambia na Kongo hukunja Msamvu kuelekea Iringa, ya Rwanda na Burundi huendelea na barabara ya Dodoma. Kwenye mizani ya Vigwaza na Mikese yote hupanga mstari. Lori moja lililobeba kontena likipanda mlima kwa mwendo wa konokono hukusanya nyuma yake mkia wa magari ishirini, na kuovateki hapo ndiko kulikowaua wengi.

Sababu ya tatu ni binadamu. Basi linasimama kula Morogoro au mbele yake, dakika 20 zinazogeuka 30. Abiria hushuka mbio, nusu wanaelekea chooni na nusu kwenye kaunta ya chipsi, na konda anapiga honi kabla kuku hajapoa. Mbele zaidi mtu ataomba dereva asimame achimbe dawa. Kwenye kila kituo wachuuzi hukimbilia madirishani na maji, korosho, ndizi, karanga na mayai ya kuchemsha, na biashara nzima, pamoja na chenji, hufanyika katika muda ambao dereva anahitaji kushusha abiria mmoja. Hakuna treni inayotoa hilo. Wapo wasafiri wanaolichukulia kama kero, na wapo ambao safari bila hilo wanaiona kama imepikwa bila chumvi.

Basi linaishinda treni pia kwenye vifurushi. Mtu wa Kariakoo mwenye mteja Dodoma hupeleka boksi ofisi ya basi, anaandika jina na namba ya simu, analipa, na mteja analichukua siku hiyohiyo. Gunia la mchele au ndoo ya samaki ambayo abiria wa treni angeifikiria mara mbili huingia kwenye buti la basi kwa maelewano na konda. Kwa mwenye duka hii ndiyo sababu ya kubaki na basi hata kama yeye mwenyewe ana uwezo wa kukaa daraja la biashara la treni.

Usiku nao umebadilika. Kwa takribani miaka 30 mabasi ya masafa marefu hayakuruhusiwa kutembea usiku kutokana na ajali na uhalifu wa barabarani. Tangu Oktoba 2023 yanaruhusiwa saa 24, yakiwa na ratiba zilizoidhinishwa. Kwa umbali wa Dodoma, basi la usiku lina faida ya wazi: abiria anaokoa hela ya kulala hoteli na siku yake ya kazi haiguswi. Lakini kwa usalama mchana ni bora. Malori mabovu huachwa barabarani bila taa, mengine yakiwekewa matawi tu ya miti kama onyo, ng'ombe na punda huvuka bila kuangalia saa, na usingizi wa alfajiri humshika dereva yeyote.

Ndege ina msafiri wake. Safari ya Dar hadi Dodoma hewani ni kama saa moja, kwa ndege za Air Tanzania na Precision Air. Uwanja wa Dodoma uko ndani ya mji kabisa, kwa hiyo anayeshuka anaweza kuwa mezani kwake ofisini ndani ya robo saa. Hiyo ni faida ambayo treni haina, maana stesheni ya SGR ya Dodoma iko nje ya kitovu cha mji. Upande wa Dar mambo ni kinyume. Uwanja wa Julius Nyerere uko Kipawa, foleni ya barabara ya Nyerere haina adabu, na abiria hutakiwa kuwahi. Ikihesabiwa kuanzia mlango wa nyumba hadi mlango wa ofisi, safari ya ndege huchukua saa tatu na nusu hadi nne. Treni ya haraka kwa hesabu hiyohiyo ni saa tano na nusu au sita. Ndege basi inaokoa saa mbili, kwa nauli ambayo kwa kawaida ni mara kadhaa ya ile ya treni, na inayopanda kadiri siku ya safari inavyokaribia. Kwa anayelipiwa na ofisi, au mgonjwa asiyeweza kukaa kitako muda mrefu, saa mbili hizo zina thamani. Kwa anayelipa mwenyewe ni vigumu kuzitetea.

Hesabu hiyo itasogea tena uwanja wa kimataifa wa Msalato, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6, utakapopokea safari za abiria. Ndege kubwa zitaweza kutua, jambo zuri kwa wanaotoka nje ya nchi. Lakini Msalato uko nje ya mji, na ile faida ya kushuka na kutembea hadi ofisini haitakuwapo tena. Kwa msafiri wa Dar, uwanja mkubwa zaidi unaweza kumaanisha safari ndefu zaidi.

Gari binafsi linabaki na nguvu moja isiyo na mpinzani: linatoka mlangoni na kuishia mlangoni, na Dodoma mtu anakuwa na usafiri wa kuzungukia mji uliotawanyika. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa kama lita 45. Petroli ikiwa Sh3,000 kwa lita, hiyo ni Sh135,000 kwa kwenda tu. Kwa mtu mmoja ni anasa. Kwa familia mambo hukaribiana: baba, mama na watoto watatu wa shule ya msingi watalipa Sh108,500 kwa treni ya kawaida, kabla ya daladala na bajaji za pande zote mbili. Watu wazima wanne wakichangia mafuta, kila mmoja anatoa karibu Sh34,000, pungufu ya treni ya haraka. Lakini wawe tayari kwa vibao vya 50. Ukanda wa barabara hii una vijiji vingi, trafiki wenye tochi wanajua mahali dereva anaposahau, na notisi moja ya Sh30,000 inatosha kuharibu hesabu nzima ya mafuta. Dereva pia hafiki akiwa mzima kama abiria. Saa sita au saba za kuyavizia malori zinachosha kuliko saa tisa za kusinzia kwenye basi.

Kinachoamua zaidi kuliko yote haya ni mtaa. Mkazi wa Kariakoo, Ilala au Temeke yuko karibu na stesheni kuu ya Dar es Salaam, na safari ya kwenda Mbezi Luis kukamata basi ingemlia saa nzima kabla hajaanza safari yenyewe. Kwake treni inaokoa saa nne au tano, na hakuna ubishi. Mkazi wa Mbagala naye anashuka mjini kwa barabara ya Kilwa moja kwa moja. Wa Gongo la Mboto, Ukonga na Chanika wana Pugu, ambako treni ya kawaida husimama, na hawana haja ya kuingia mjini kabisa. Wengi wao hulisahau hilo wakaenda kupigania foleni ya katikati ya jiji.

Mkazi wa Mbezi au Kimara anafanya hesabu nyingine. Kituo cha mabasi kiko pua na mdomo. Ili apande treni anahitaji mwendokasi au daladala hadi mjini, saa moja au zaidi asubuhi, kisha saa moja stesheni, saa tatu na nusu au nne njiani, na nusu saa ya bajaji Dodoma. Jumla ni saa sita hadi saba, dhidi ya nane au tisa za basi. Bado treni inashinda, ila kwa saa mbili badala ya nne, na kwa jasho zaidi asubuhi. Wa Kibaha asihangaike, apande basi linalompitia. Kule Dodoma pia, anayekwenda Nzuguni au Chuo Kikuu asidhani kila kituo kiko sawa kwake. Nanenane iko upande wa mashariki wa mji, stesheni ya reli iko kwingine, na tofauti ya nauli ya bajaji usiku inaweza kumeza ile Sh9,000 aliyodhani ameokoa, au kumrudishia.

Kwa Morogoro, mji ambao wengi huupita tu, mambo ni dhahiri zaidi. Treni huchukua chini ya saa mbili kutoka Dar kwa Sh13,000, na basi huhitaji saa nne au zaidi. Lakini stesheni ya SGR iko Kihonda, nje ya mji, wakati mabasi hushusha Msamvu, ambako daladala za kila upande zinapatikana. Mtu wa Msamvu anayekwenda Dar anafanya hesabu yake kwa bodaboda ya Kihonda kwanza.

Kwa msafiri wa kawaida mwenye begi moja, anayekaa Ilala, Temeke au karibu na Pugu, treni ndiyo chaguo la kwanza kwa muda, kwa usalama na kwa thamani ya fedha, na asilipie daraja la kifalme kwa safari ya saa nne isipokuwa kama ana sababu. Basi la daraja la kati kwa bei hiyo halina hoja mbele ya treni, isipokuwa kwa wa Mbezi, Kibaha, Chalinze, Gairo na Kibaigwa, au mwenye mzigo wa biashara. Basi la kawaida litaendelea kuwa la mwenye shilingi elfu ishirini na mbili tu mfukoni, na watu wa namna hiyo bado ni wengi nchini. Ndege ni ya mwenye haraka anayelipiwa. Gari binafsi ni la familia au kundi la watu wanne. Anayesafiri Ijumaa jioni au Jumapili, kwa treni, basi au ndege, akate tiketi siku kadhaa kabla, na mwenye gari aondoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori hayajaanza kupanga mstari Vigwaza.